Vidonge vya Mgongo wa Twyla

Jumanne tarehe 10 Machi 2009, saa nne asubuhi, gamba la mwamba lilimwangukia binti yangu mgongoni. Alikuwa chini mgodini, anafunga bolti za kuzuia dari isiporomoke. Hakuvunjika mfupa. Alisimama mwenyewe akajipangusa vumbi. Afadhali angevunjika mguu. Wangemtoa kwa machela na wangelazimika kuandika ajali.

Naitwa Orville Ratliff. Nimechimba makaa ya mawe hapa Kentucky miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la saba. Mke wangu Mozelle alifariki kwa saratani, akaniachia Twyla. Wanawake wanaoingia mgodini katika bonde letu ni wawili, na mmoja ni wangu. Mnisamehe nikijivuna.

Siku ile msimamizi wa zamu, Delmer, alimwinamia Twyla akamnong'oneza.

"Dada, umeumia?"

"Kidogo."

"Kidogo si kuumia. Zimebaki siku tisa tutimize mwaka bila ajali. Zamu nzima tunapewa majaketi. Usituharibie, tafadhali."

Mchezo huo waliubuni wakubwa wa kampuni. Mmoja akiandikisha ajali, wenzake wote wanakosa jaketi. Wao wamekaa ofisini, sisi tunachungana wenyewe kwa wenyewe.

Jioni Twyla alishindwa kuinama avue buti. Nikafungua kabati la bafuni. Vidonge vya maumivu vya Mozelle vilikuwa bado mle, nusu chupa. Sikuwa na moyo wa kuvitupa. Na kwetu majirani huazimana vidonge kama sukari.

"Baba, hivi si vya mama?"

"Mama yako hatavidai. Meza viwili ulale. Kesho zamu."

Akaenda zamu. Jaketi akalipata. Vidonge vya Mozelle vilipokwisha, akaenda kliniki ya mjini. Daktari hakumgusa hata mgongo. Akamwandikia vidonge tisini. Mwezi uliofuata, tisini tena.

Ilipofika Oktoba mgongo ulikuwa umepona, lakini vidonge havikuachika. Twyla alisinzia mezani, uma ukiwa mkononi. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Vidonge vya mwezi mzima viliisha siku ya kumi na tano, na kila mara palikuwa na kisa. Mara vimeanguka chooni, mara vimeibwa garini. Akivikosa alitoka jasho, akatapika, akanifokea.

Nilidhani ni tabia mbaya. Nikatupa chupa, nikaweka kiti mlangoni kwake, nikakikalia.

"Ratliff hashindwi na kidonge!" nilimwambia. "Toka jasho mpaka yaishe."

Siku ya pili hata maji hayakukaa tumboni mwake. Jirani yetu Neva Hensley, muuguzi wa kituo cha afya, alituletea maharage na mkate wa mahindi. Akasikia kilio.

"Orville, unamchinja nani humo?"

"Twyla. Anaacha vidonge."

"Anaacha au unamwachisha kwa fimbo? Ondoka kwenye hicho kiti, mzee mkaidi wewe."

"Neva, mimi sikulea mlevi."

"Nani kasema mlevi? Vidonge hivi ni jamii moja na kasumba. Ukimeza kwa wiki kadhaa, mwili unavizoea, unataka vingi zaidi ili upate nafuu ile ile. Ukiukatia ghafla, unaumwa kweli. Hilo linaweza kumpata yeyote, hata wewe na kiburi chako. Uraibu ni pale mtu anapoendelea kuvitafuta huku anaona vinamharibia maisha. Ni ugonjwa, na una dawa."

Twyla akasema kutoka kitandani, "Nilijua tangu Agosti, dada Neva. Nilimeza hata siku ambazo hapaumi. Niliona aibu kumwambia baba."

Nikakiondoa kile kiti mlangoni.

"Sasa akiacha ghafla hivi, kuna ubaya gani?" niliuliza.

"Anateseka bure. Halafu mwili ukikaa siku kadhaa bila vidonge, hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani. Akirudi kumeza kile kile, pumzi inaweza kusimama. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, hatari zaidi. Ukimkuta haamki, anapumua polepole, midomo imegeuka bluu, usiseme acha alale. Piga simu ya dharura hapo hapo."

Kesho yake Neva alitupeleka kwa gari lake, mwendo wa saa mbili. Mji wetu ulikuwa na kliniki tatu za kugawa vidonge. Ya kutibu waliozoeshwa haikuwapo hata moja. Nani alipanga hivyo? Si mimi.

Daktari wa huko alimpa Twyla dawa ya kutuliza hamu ya vidonge, ya kuweka chini ya ulimi kila siku, na mshauri wa kuzungumza naye.

"Si kidonge kwa kidonge tu?" nilinong'ona.

"Mwenye kisukari anadungwa kila siku," Neva akanijibu. "Unamwita mlevi wa sindano?"

Januari aliteleza mara moja, akameza tena vidonge. Safari hii alikuja mwenyewe jikoni akaniambia. Sikufoka. Nilichukua funguo za gari, tukaenda kliniki.

Leo ni mwaka wa tatu. Twyla alipopata nafuu alirudi mgodini, na sasa anafundisha wapya kufunga bolti. Juzi alijikwaruza, akamfuata Delmer mbele ya zamu nzima.

"Nimeumia kidole. Andika."

"Kidole tu, dada?"

"Una kalamu? Andika."

Wakacheka, kisha wanaume wawili wakajitokeza nyuma yake, mmoja anaumwa goti, mwingine bega. Nao wakaandikwa. Mimi nilisimuliwa nikiwa dukani, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: yule ni binti yangu.

Kila Alhamisi anazungumza na watu katika ukumbi wa kanisa. Anawaambia vidonge vilivyobaki visikae kabatini wala visiazimwe, vipelekwe duka la dawa. Na kabla hujapokea karatasi ya daktari, uliza utaacha lini na vipi.

Yeye mwenyewe hakuuliza. Basi amemwandikia daktari wa kliniki ya mjini barua ya mstari mmoja. Niliipeleka kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka wakafunga. Nimerudi mara nne. Wananiambia daktari ana kazi.

Barua inasema: "Daktari, siku ile uliponiandikia vidonge tisini vya kwanza, ulipanga niache lini?"