Machozi ya Bibi Mal-sun Katika Hotuba ya Meya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eun-sol alimsaidia bibi yake kupanga tofu, vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, mezani katika soko la zamani la mji wa Yangho. Mvua ikinyesha paa lilivuja, nao wakawa wanahamisha meza huku na huku.

Siku moja Mwalimu Ok aliwapeleka wanafunzi wake wa darasa la sita kusikiliza hotuba ya ushindi ya meya mpya, Bwana Tak, mbele ya stesheni.

"Msisikilize anachosema tu," aliwaonya. "Sikilizeni na anavyokisema."

Meya alikuwa na ulimi wa asali. "Tulisubiri! Tulivumilia! Tumeshinda!" Kila alipofika neno la tatu, umati uliripuka kwa makofi. Kila aliposema "sisi", Eun-sol alitia alama daftarini. Zilipofika arobaini, akaacha. Sisi gani hao? alijiuliza.

Kisha meya akashusha sauti. "Bibi mmoja muuza tofu alinishika mkono huku akilia. Akaniambia, 'Mwanangu, livunje soko hili bovu, utujengee jengo la kisasa.' Machozi yale sitayasahau!"

Watu wakafuta macho. Eun-sol alishtuka. Sokoni muuza tofu alikuwa mmoja tu.

"Kumbe bibi yako maarufu!" Do-gyeom, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza.

"Bibi hakusema hivyo. Siku ile meya alipokuja sokoni nilikuwepo."

"Acha ujuaji wako! Meya mzima adanganye kwa ajili ya tofu?"

Njiani Eun-sol alimweleza mwalimu. Mwalimu Ok akamjibu: "Kushuku si vibaya, lakini shaka peke yake si ushahidi. Mwenye maneno yupo. Kamuulize."

Bibi Mal-sun aliposikia, aliweka kisu chini. "Mimi nilie? Nilikuwa nakata vitunguu! Nilimwambia atuzibie paa, basi."

"Twende tukaseme kwenye mkutano wa meya na wananchi Alhamisi, Bibi."

"Nani atamsikiliza muuza tofu, mjukuu wangu?"

"Si meya mwenyewe amesema alikusikiliza?"

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bibi alisimama. "Mheshimiwa, yule bibi ni mimi."

Makofi yakavuma. Meya akatabasamu.

"Ngojeni kwanza," bibi alisema. "Sikuomba soko livunjwe. Niliomba paa."

Tabasamu la meya halikuondoka. "Mama yangu, huenda umesahau."

Eun-sol akainuka. "Hajasahau. Nilikuwepo. Alisema paa tu, na alikuwa anakata vitunguu."

"Hata sisi hatukuulizwa!" muuza samaki alipaza sauti. Wengine wa sokoni wakadakia mmoja mmoja, hadi meya akainamisha uso. Hatimaye alikiri kwamba hadithi ile ilitiwa chumvi, akaomba radhi. Mpango wa kuvunja soko ukafutwa, na kabla ya masika mafundi walikuwa juu ya paa.

Darasani, Do-gyeom aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tusiamini hotuba yoyote?"

"La," Mwalimu Ok akajibu. "Kupanga maneno vizuri si kosa, na nyinyi mtajifunza. Lakini mtu akisema 'sisi', jiulize kama umo. Akikutoa machozi kwa hadithi, mtafute mwenye hadithi. Ukishampata ukamsikia, hapo ndipo upige makofi."