"Si" Iliyopotea Kiwandani

Kila jioni, binti wa darasa la sita alivaa masikio ya baba yake. Ndivyo walivyoviita nyumbani vile vikombe viwili vyekundu vya kuziba masikio, ambavyo baba alipewa kiwandani avae akiwa kwenye msumeno wa umeme, lakini akavileta nyumbani na kuviacha huko. Jirani yao alikuwa na redio, na redio ile haikuwa na adabu.

"Vaa usome, mama," baba alimwambia bintiye. "Mimi kelele nimezizoea miaka kumi na mitano."

"Hujazizoea," bibi akasema kutoka jikoni. "Zimekuzoea wewe."

Lakini mambo yalianza kwenda kombo. Mama akisema, "Usizime jiko," baba anazima. Akisema, "Usifunge mlango, nina ndoo kichwani," baba anaufunga. Bibi akadai mwanawe ameanza ukaidi wa uzee kabla ya uzee wenyewe kufika.

Binti ndiye aliyegundua, maana juma lile mwalimu aliwafundisha kukanusha. Baba alisikia neno zima ila "si" ilimponyoka. "Usizime" kwake ilikuwa "uzime". Binti akacheka peke yake, kisha akavitazama vikombe. Akimwambia mtu, vikombe vitarudi kiwandani, naye atabaki na redio ya jirani. Akakaa kimya siku tatu.

Jumamosi alimpelekea baba chakula kiwandani. Misumeno mingine ilinguruma. Wa baba ulikuwa umezimwa. Upande wa pili wa meza, mwenzake aliyeitwa Mrefu alikuwa ameinama, mkono chini ya meno ya msumeno, akitoa vumbi la mbao lililokwama.

"Usiwashe," Mrefu akapaza sauti.

Baba akaitikia kwa kichwa, akapeleka kidole kwenye swichi.

Binti akaliachia bakuli, akaukumbatia mkono wa baba kwa nguvu zake zote.

"Amesema usiwashe, baba. Usi. Usi."

Baba akachungulia upande wa pili. Akaketi juu ya gogo. Mrefu akautoa mkono wake, akahesabu vidole taratibu.

"Vimetimia," akasema. "Ila chakula chako, ndugu yangu, ndicho kilichofariki."

Binti akaanza kulia. "Nilijua tangu Jumatano, baba. Nilivitaka vikombe."

"Aliyevitoa hapa ni mimi," baba akasema, akimfuta machozi kwa mkono uliojaa vumbi.

Jumatatu muuguzi wa kiwanda alimpima baba. "Usikivu uliopotea haurudi," alimwambia. "Uliobaki ni mwingi bado. Ulinde." Msimamizi naye akaweka sheria: anayesafisha mashine achomoe ufunguo wake na kuutia mfukoni mwake mwenyewe.

Siku hizi baba havui vikombe mpaka msumeno unyamaze. Kuhusu redio, bibi alikwenda kwa jirani na mkongojo wake. Redio ikapata adabu.

Jioni ya Jumatatu ile bibi alimketisha binti karibu naye. "Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La mwanangu lilikuwa linaugua tu, likasikia dawa kinywani mwako. Lakini sikiliza, mjukuu wangu: ukijua jambo la kumwokoa mtu, lisilale nawe hata siku moja. Siku tatu zako nusura ziondoke na vidole vitano vya Mrefu."

"Baba watoto," mama akaita, "kesho usisahau vikombe."

"Umesema nisahau?" baba akauliza, uso mkavu.

Bibi akautafuta mkongojo.