Neno Lililokatwa Mwisho wa Ukurasa

Mwaka wa 1994, siku ya soko Homa Bay, mwalimu mmoja kutoka Ukuria, jina lake Mniko, alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha taipu cha Dorine. Shati jeupe, pasi kali, na maombi ya kazi mkononi. Dorine alipomaliza kuyapiga, jamaa akasoma, akacheka.

"Dada, umeandika 'educ' huku, 'ation' kule! Neno hukatwa kwenye silabi. E-du-ca-tion. Mkazo uko kwa 'ca'."

"Haya, mwalimu. Na wewe ujue: mwisho wa ukurasa, neno halikatwi kabisa. Ukurasa wa pili ukipotea je?"

Mniko akapata kazi Migori, na moyo wa Dorine ukaenda naye. Kila Jumapili simu ililia.

"Jaber wangu, mrembo wangu!"

"Wako tangu lini? Ng'ombe wako wapi?"

Mwaka ukaisha hivyo. Kisha baba akatangaza kuwa Jumamosi Zadock wa Ndhiwa analeta wazee kumposa. Dorine akamwandikia Mniko: Zadock anakuja kuniposa, unanitaka ama hunitaki? Jibu likaja, limepigwa taipu, ukurasa mmoja tu. Mwisho wake: "Dorine, my love for you is im-"

Basi. Akageuza karatasi. Hakuna kitu.

"Im nini? Yawa! Impossible? Hauwezekani?"

Alilia, tena sana. Halafu akapangusa macho, akavaa gauni lake la manjano. Kama ni kukataliwa, akataliwe kwa neno zima! Akapiga simu shuleni kwa Mniko.

"Mwalimu yuko darasani, madam," karani Phelesia akasema.

"Mwambie nakuja."

Alhamisi mchana alimkuta akiwapigisha wanafunzi makofi, kofi moja kwa kila silabi. Dorine akaingia bila hodi, barua juu.

"Mwalimu, kuna neno hujamaliza."

Mniko akaitazama, akashika kichwa. "Mungu wangu! Ukurasa wa pili niliuacha kwa mashine!"

"Sikuja kwa sababu ya mashine. Im nini?"

Mniko akaweka chaki chini.

"Im-mea-su-ra-ble. Haupimiki, Dorine. Na kwenye ukurasa wa pili niliomba nikuoe."

Wanafunzi wakapiga makofi matano, hawakuambiwa na mtu. Dorine akatabasamu, lakini akakaza sauti.

"Mkazo?"

"Silabi ya pili."

"Jumamosi, saa tatu asubuhi, utalisema mbele ya baba. Lote."

"Nitafika na wazee wangu, jaber. Na Zadock?"

"Ah, huyo? Silabi mbili tu."