Nani Alisema Mtu wa Mashine Hapasuliwi?

Kila asubuhi nyumbani Bungulu, Asma alimpimia mumewe maji ya kunywa: chupa moja ndogo, siku nzima. Figo za Issaka, dereva wa lori la kakao, zilikuwa zimeacha kazi. Mara tatu kwa juma mashine ilimsafisha damu.

Kisha picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Ilikuwa saratani, lakini bado ndogo. Daktari mmoja akasema bila hata kumtazama mgonjwa:

«Mutu wa mashine habamupasulake. Mumurudishe nyumbani.»

Asma alitoka kwa hasira. Je, mgonjwa wa figo si mtu?

«Shemeji, twende Butembo,» alisema Ibrahim, kaka yake Issaka. «Mambo ya mashine tufiche. Umuvalishe koti. Kule kuko baridi, nani atauliza?»

Hospitalini Butembo, muuguzi Kaswera alikuja kumtundikia serumu, maji ya kuingiza mshipani.

«Papa, toa koti.»

«Baridi, mama.»

«Baridi gani? Unatoka jasho kama mupishi!»

Akaivuta ile mikono ya koti mwenyewe. Kwenye mkono wa kushoto mshipa mnene ulitetemeka chini ya kidole chake.

«Huu mushipa njo wa mashine! Karibu niutoboe, tena nimujaze maji. Munataka kumuua?»

«Banatufukuza!» Asma alilia. «Banasema arudi nyumbani. Tungefanya nini?»

Kaswera naye akakunja uso.

«Nani alisema vile bila kupima? Wengine banapasulika, mama. Hatari iko kubwa kuliko ya watu wengine, sikudanganyi. Basi banajipanga: mashine siku moja mbele ya operesheni, maji kidogo, dawa kwa kipimo, na huu mukono hakuna mutu anaugusa. Lakini dokta asipojua, atamuua bila kutaka.»

Ibrahim aliinamisha kichwa. «Ni mimi nilisema tufiche.»

«Basi wewe njo utamuambia dokta. Sasa hivi!»

Akaenda. Daktari alimpima Issaka upya: moyo, damu, ini lote. Akabadilisha siku. Jumatano mashine, Alhamisi upasuaji. Uvimbe ukatolewa wote.

Mashine Issaka hajaiacha, na ini lake linapigwa picha kila miezi mitatu. Juzi, kwenye chumba cha mashine, mama Agar, mke wa mgonjwa mwingine, alinong'ona kwamba mumewe naye ameambiwa arudi nyumbani.

«Usirudi!» Asma alisema kwa sauti, wote wakageuka. «Uliza dokta mwingine. Umuambie yote.»

Issaka akafungua vifungo vya shati, akaonyesha kovu.

«Angalieni vizuri,» Asma akasema. «Huyu njo balisema akufe.»