Kipimahali na Nzuri Zake

Saa mbili asubuhi Kipimahali, mashine ya kupima wagonjwa, kiliteleza kuingia wodi ya vijana, ghorofa ya tisa, jijini Dodoma. Kimo chake kama cha mtoto wa darasa la tatu, kichwa cha mviringo kama kitunguu. Hakikuchoma mtu sindano. Kilinusa pumzi, kikasoma damu kwa mwanga uliopenya ngozi, kikahesabu mapigo ya moyo. Kisha, kwa yale ambayo mwenye mwili peke yake ndiye anayeyajua, kikauliza kwa adabu: "Habari za leo?"

"Nzuri," akajibu wa kitanda cha kwanza.

"Nzuri."

"Nzuri tu," akasema wa tatu, shuka limemfika puani.

Vijana ishirini na wanane, nzuri ishirini na nane. Kipimahali kikaandika, kikaenda zake kimeridhika.

Kitanda cha sita alilala Saumu Mndeme, miaka kumi na saba, saratani ya damu, msusi tangu utotoni. Kitanda chake ndicho kilichokuwa kijiwe cha wodi. Ukitaka kujua nesi yupi kachumbiwa, unakwenda hapo na karanga zako. Wote walikuwa wakijaribiwa wapagazi, vijimashine vidogo kuliko chembe ya damu, vinavyobeba dawa na kuipeleka hadi mlangoni kwa saratani bila kugonga nyumba za majirani. Ndiyo maana nywele hazikuwanyonyoka, na Saumu alikuwa na vichwa vya kusuka.

Tena Saumu alikuwa mbia wa utafiti. Sheria ya zama hizo ilisema vijana wanaojaribiwa dawa wakae mezani na madaktari, na bila sahihi ya mbia wao hakuna hatua inayopigwa. Siku hiyo saa nane alitakiwa kutia sahihi ili wapagazi waongezwe maradufu.

Na alikuwa na siri. Wiki ya nne sasa, ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi. Hakusema. Aliogopa kutolewa kwenye majaribio. Halafu mama yake alikuwa pale pembeni kila asubuhi, na isitoshe, nani anaanza salamu kwa kulalamika?

Saa nne alikuwa anamsuka Tunsiime wa kitanda cha saba.

"Dada Saumu," Tunsiime akasema, kioo mkononi, "hii mistari au umenichorea kona za mlima Sekenke?"

"Tulia, bado sijamaliza."

"Ukimaliza si nitafika Singida."

Wenzao wakacheka. Saumu naye akacheka, kisha neno likamponyoka. "Vidole sivisikii, mdogo wangu. Nasuka kwa macho."

Tunsiime akashusha kioo. "Kumbe na wewe?"

Alivuta shuka, akaonyesha malengelenge mguuni. Alikuwa ameoga maji ya moto bila kujua ni ya moto. Lusajo wa kitanda cha kumi naye akasogea. Alisema juzi alitembea hadi kwenye lifti na kandambili moja, akaambiwa na mfagizi. Habari ikapita kitanda kwa kitanda, kwa mnong'ono na jicho la kukonyeza, na kabla ya chakula cha mchana Saumu alikuwa amehesabu kumi na tisa wenye ganzi. Umbea siku hiyo ulifanya kazi ya maabara.

Saa nane Dokta Kihwele, mama aliyewaunda wapagazi kwa miaka kumi na mmoja, aliwasha picha ukutani mbele ya meza ya madaktari. Siku arobaini za nzuri tupu.

"Shikamoo, dokta," Saumu akasema.

"Marahaba."

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri, mwanangu."

"Nyumbani wazima?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na wewe mwenyewe, mwili vipi?"

Dokta akashika shavu. "Ah, jino hili. Tangu juzi silali."

Meza nzima ikaangua kicheko. Saumu akasubiri kiishe.

"Kipimahali kingeandika nzuri, dokta, na kingeondoka. Kwetu nzuri siyo jibu, ni kumfungulia mgeni mlango. Mambo yenyewe yako chumba cha ndani." Akamsogezea orodha ya watu kumi na tisa. Jina la kwanza lilikuwa lake.

Dokta Kihwele alisoma hadi chini, akavua miwani. "Nilikifundisha lugha saba za nchi hii," akasema taratibu. "Sikukifundisha kusalimiana."

"Hii ganzi itaondoka?"

"Tukipunguza wapagazi leo, kwa wengi itaondoka. Kwa wengine itabaki. Kwako, sitakudanganya, sijui. Na matibabu yatakwenda polepole. Utakaa hapa hadi mvua za mwakani."

"Nitakaa. Watu wapo." Akairudisha karatasi bila sahihi.

Wiki mbili vijana walikifundisha Kipimahali: kianze na shikamoo kwa mkubwa, kiulize ya nyumbani, kicheke kidogo, na kisiondoke hadi swali la tatu. Tena kisimsahau aliyekaa pembeni ya kitanda.

Asubuhi ya kwanza kikasimama kitanda cha sita. Mama Saumu alikuwa anakoroga uji. Swali la kwanza, nzuri. La pili, wazima. La tatu, Saumu akamtazama mama yake, kisha akatazama mikono yake.

"Vidole vimekufa ganzi. Wiki ya sita. Naogopa sitasuka tena."

Kijiko kikasimama bakulini.

"Nilijua," mama akasema. "Unaangusha vitu, halafu unasingizia meza. Nilikuwa nangoja uniambie."

Kipimahali kikageuza kichwa. "Shikamoo, mama. Habari za leo?"

"Marahaba. Nzuri, mjukuu wangu," mama akajibu upesi, akashika tena kijiko.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Mashine haikuondoka. Saumu akasogea, akapigapiga shuka ubavuni pake, na mama akaweka bakuli chini, akaja kukaa.

"Na wewe mwenyewe, mama?"

Mama alivuta pumzi ndefu. "Haya," akasema, "una nafasi ya kuandika?"