Firigisi ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Eliza aliwafungulia kuku, akafagia uwanja, kisha akamchotea mdogo wake Peniel maji ya kunawa. Waliishi Shelui, karibu na mahali ambapo malori hulala usiku. Wiki ile alikuwa na kazi nyingine pia. Mwalimu Editha aliwapa kidato cha kwanza mradi: wawaulize watu wazima ni nini kinachomfanya mtu ampige mwenzake nyumbani.

Majirani walimjibu upesi. Pombe, walisema. Wengine wakataja ujeuri wa watoto wa siku hizi. Eliza aliandika yote, lakini moyo wake haukukubali. Baba yake, Simeoni, hakuonja pombe, na Jumapili aliimba kwaya. Hata hivyo alikuwa mwepesi wa mkono kupita wote mtaani.

Jumamosi alikuja mgeni, kuku akachinjwa. Kwao firigisi ni ya baba, na hakuna anayeuliza kwa nini. Peniel, aliyeachiwa kuangalia sufuria huku tumbo likimnguruma, aliila. Baba alipoikosa kwenye bakuli mbele ya mgeni, alitabasamu tu. Mgeni alipoondoka, alichukua fimbo ya ng'ombe. Hakuacha kumpiga Peniel hadi mkono wake ulipovunjika.

Kule zahanati, mama alimwambia muuguzi, "Ameanguka mtini." Eliza, aliyejua ukweli, aliinamia sakafu. Aliona aibu, tena aliogopa.

Jioni Peniel alimnong'oneza, "Dada, mimi nitapanda lori. Popote linakokwenda."

Eliza alijua kwamba hatanii. Alilia hadi kichwa kikamuuma, kwa maana hakuona pa kukimbilia.

Kesho yake alikwenda kwa bibi, mama yake Simeoni, akamkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi. Nina swali la shule. Kwa nini baba anapiga?"

"Marahaba." Bibi aliweka ungo chini. "Babu yako alimpiga vilevile, kwa sababu ya firigisi. Akamkataza kulia. Tangu hapo baba yako akiaibika, anashika fimbo."

"Na wewe, bibi, ulifanya nini?"

Bibi aliuokota tena ungo. "Nilisema ameanguka."

Jumatatu Eliza alimweleza Mwalimu Editha kila kitu. "Madam, baba akijua nimesema, nimekwisha."

"Hutakuwa peke yako," mwalimu alimjibu.

Siku hiyohiyo mwalimu alimwita ofisa wa ustawi wa jamii. Peniel na Eliza walihamia kwa bibi. Baba alihojiwa polisi, akaonywa vikali, akapangiwa kumwona mshauri kila wiki. Mwanzoni alikwenda kwa hasira. Baadaye mama alisema kuwa siku moja baba alirudi akilia, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Peniel alipofunguliwa hogo la plasta mkononi, bibi alipika kuku na kuwaita wote. Baba aliichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya mwanawe.

"Nisamehe, mwanangu. Kula."

Peniel aliutazama kwanza mkono wa baba, ndipo akala.

Bibi akamgeukia Eliza. "Sababu umeipata, mjukuu wangu, lakini sababu haimpi mtu ruhusa ya kuumiza. Waambie na wenzako shuleni: mtoto akipigwa, semeni amepigwa. Mimi nilisema baba yako ameanguka, na leo aliyevunjika mkono ni Peniel."