Kihispania cha Wilondja

Iteka alikutana na Wilondja katika foleni ya chanjo ya korona kule Homebush, ughaibuni, na siku hiyo aliyaona macho yake tu. Ukumbi ulijaa watu waliofunika nyuso, wauguzi wakiwaelekeza kwa mikono. Iteka alikuwa na sare ya buluu ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, na kichwani kafunga kitambaa cha kitenge cha njano.

"Dada, hicho kitenge ni cha kwetu," sauti ya kiume ilisema nyuma yake.

"Kwenu wapi?"

"Uvira."

"Basi si cha kwenu. Mama alikinunua Kigoma."

"Kigoma na Uvira, si ziwa ni moja?"

Iteka akageuka. Kijana mrefu, koti la rangi ya machungwa la watu wa bandarini Port Botany, macho yanacheka. Baada ya sindano walikalishwa jirani kungoja waone kama dawa itawadhuru. Waliporuhusiwa kuondoka, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Muda si mrefu jiji likafungwa. Iteka alikaa Villawood na mama yake. Wilondja alikaa Macquarie Fields na mama yake pia. Polisi walizunguka mitaani, kutembeleana kukawa marufuku, na mapenzi yakahamia kwenye simu. Kila akitoka kazini Iteka alioga, akapaka rangi ya mdomo ambayo nje ilifichwa na barakoa, kisha akapiga.

"Sogea kwenye mwanga, sheri, mpenzi wangu. Sijashiba huo mdomo."

"Jana hukuuona?"

"Jana ulikuwa umenuna."

Tatizo lilianza na Jumanne. Kila Jumanne jioni Wilondja hakupatikana. Alisema yuko shifti. Iteka akaamini, mpaka rafiki yake Ketsia, anayeishi mtaa mmoja na Wilondja, alipompigia.

"Bwana wako anafanya mazoezi na nani siku hizi?"

"Peke yake. Kwa nini?"

"Nimemwona bustanini na dada mmoja wa Kilatino, nywele mpaka kiunoni. Wanaongea Kihispania, wanacheka. Mi nimekuambia tu, usiseme Ketsia kaniharibia."

Jumanne iliyofuata Iteka alipiga mfululizo. Mwishowe Wilondja akapokea, anahema kama mtu aliyekimbia. Nyuma yake muziki, na sauti ya mwanamke ikisema kitu kwa Kihispania.

"Huyo nani?"

"Ni televisheni."

"Televisheni ndiyo inakuhemesha?"

"Iteka, nitakupigia."

Iteka hakula usiku huo. Kesho yake akamwendea mfanyakazi mwenzake kutoka El Salvador, akaomba afundishwe sentensi moja tu, akairudiarudia akiosha vyombo vya wazee. Wilondja alipopiga, hakumsalimu.

"*¿Quién es ella?*"

Wilondja akaangua kicheko, na kicheko hicho kilimchoma Iteka kuliko uongo.

"Unacheka? Nauliza, ni nani yeye?"

"Ni mwalimu, sheri. Ngoja, usikate. Niko nasoma chuoni. Mama anajua nasoma usafirishaji, na ni kweli. Lakini pembeni nimechukua utamaduni wa Walatino. Historia idara hii, fasihi idara ile, siasa, lugha, mpaka ngoma. Jumanne ni ngoma, kwenye kompyuta. Yule wa bustanini tunasoma pamoja, tunazoezana kuongea."

"Kwa nini unifiche masomo? Masomo ni wizi?"

"Mama alisafisha ofisi za watu miaka yote nisome kitu chenye kazi. Nitamwambiaje nasoma ngoma za watu?" Sauti yake ikashuka. "Mwalimu ni wa Kolombia. Siku ya kwanza alipiga ngoma ya kwao, nikasikia mkono wa babu zetu. Watu walibebwa utumwani kwenye meli, wakanyang'anywa lugha, ngoma ikabaki. Sisi hapa, watoto wetu wanatujibu Kiingereza. Nataka kujua wale walishikaje."

Moyo wa Iteka ulianza kulegea. Lakini aliyeshuku kwa wiki nzima haachi kwa siku moja.

"Na lingine unalonificha?"

"Nimepata nafasi ya kusoma Chile. Muhula mmoja. Mipaka ikifunguliwa, naenda."

Iteka alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Baba yake aliondoka huko kwenda kutafuta kazi, akaahidi kurudi, hakurudi. Hakumweleza Wilondja hayo. Alikata simu, na simu zote zilizofuata hakupokea.

Oktoba watu wakaruhusiwa kutembeleana. Siku moja alipotoka kazini alimkuta Wilondja amesimama karibu na kituo cha treni cha Villawood, amekonda, barakoa mkononi.

"Ukisema nisiende, siendi," alisema.

"Ili kesho useme mimi ndiye niliyekuzuia? Hapana. Nenda. Lakini usiondoke kama mtu asiye na kwao. Mwambie mama yako ukweli, kisha mlete kwetu mjitambulishe."

Jumamosi walifika, Wilondja ndani ya suti nyeusi, mama yake katika kitenge kipya, macho mekundu. Ukweli alikuwa ameambiwa jana yake. Alilia, akagomba, kisha akapiga pasi nguo.

Mama yake Iteka, Nibigira, aliwakaribisha, akakaa wima kwenye kiti.

"Unasoma nini, mwanangu?"

"Usafirishaji, mama. Na utamaduni wa Walatino. Mwezi wa pili naenda Chile."

"Na binti yangu?"

"Nimekuja kumwomba anisubiri. Nikirudi tulete mahari."

Nibigira alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta uso wa mtu mwingine katika uso ule. "Hilo muulize mwenyewe."

Wote wakamgeukia Iteka, aliyesimama mlangoni katika gauni la zambarau.

"Muhula mmoja nitakusubiri," alisema. "Wa pili ukianza hujarudi, usinitafute."

Wilondja hakutabasamu, maana aliona kwamba hatanii. "Nimesikia," alisema, na Iteka akasogea, akakaa kando yake mbele ya mama zao.